Mshika Funguo Si Mwenye Nyumba

Dominika ya 21 ya Mwaka A
Masomo: Isaya 22:19-23, Warumi 11:33-36, Mathayo 16:13-20



Dominika ya leo Mama Kanisa anatuonyesha ufunguo. Katika Injili, Bwana wetu Yesu Kristo anamwahidia Petro funguo za Ufalme wa mbinguni, na kwa kawaida mafundisho ya siku hii huelekea huko, kwa Petro na kwa wale waliomfuata katika kiti chake. Leo tungependa tusimame kidogo kwenye somo la kwanza, kwa sababu huko nako kuna ufunguo, na habari yake ni onyo kali. Inawahusu wote waliopewa kusimamia nyumba isiyo yao. Kwa namna ya pekee inawahusu ndugu zetu ambao, katika pwani hii yetu, kuanzia Bunju na Mapinga mpaka Bagamoyo mjini, wamejitwika kazi ya kuongoza nyumba za kuwahifadhi watu wasio na makao: watoto wanaolala katika vituo vya mabasi, wazee waliokimbiwa na jamaa zao, akina mama waliofukuzwa usiku na watoto mgongoni.

Nabii Isaya anatumwa kwa mtu aitwaye Shebna. Mtu huyu hakuwa mfalme. Alikuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme kule Yerusalemu, wakati wa Hezekia. Mamlaka ya kufungua na kufunga yalikuwa mikononi mwake. Yeye ndiye aliyejua nani ameingia na nani ametoka. Je, kosa lake lilikuwa nini? Tukisoma mistari inayotangulia somo la leo, tunaliona. Shebna alikuwa akijichongea kaburi la fahari katika mwamba, mahali pa juu panapoonekana na wote, tena alikuwa na magari ya kifahari. Kwa maneno mengine, alikabidhiwa nyumba ya watu, yeye akajenga jina lake. Kwa sababu hiyo Mungu anamwondoa katika cheo chake. Joho lake anavikwa Eliakimu, na ufunguo wa nyumba ya Daudi unawekwa begani mwa Eliakimu, ambaye atakuwa baba kwa wakazi wa Yerusalemu.

Tuangalie vizuri mahali ufunguo ule unapowekwa. Hauwekwi mkononi, wala haufungwi kiunoni kama pambo. Unawekwa begani, mahali pa kubebea mzigo.

Wapendwa, jambo hili lina historia yake katika ardhi tunayoikanyaga. Kanisa Katoliki katika Tanzania bara, kwa nyakati hizi zetu, lilianzia Bagamoyo, na lilianza kama nyumba ya hifadhi. Mwaka 1860 Padre Armand Fava alifika Unguja pamoja na mapadre wenzake na Masista Mabinti wa Maria, wakitoka kisiwa cha Réunion. Mwaka 1863 kazi yao ilipokewa na Shirika la Roho Mtakatifu, chini ya uongozi wa Padre Antoine Horner. Mwaka 1868 Padre Horner na wenzake wakavuka bahari wakaja Bagamoyo, mahali ilipoishia njia ndefu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, ikileta pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Baadhi ya minyororo hiyo ingali katika makumbusho ya misheni, na kila katekista anayewapeleka watoto wa Komunyo ya Kwanza kuhiji Bagamoyo hana budi kuwaonyesha.

Mwanzoni mapadre waliwanunua watu katika soko la watumwa la Unguja ili kuwapa uhuru, hasa watoto. Baadaye, mkataba wa mwaka 1873 ulipofunga soko lile, walipokea pia watu waliookolewa na manowari za Waingereza kutoka katika majahazi. Lakini hapo ndipo walipokutana na swali ambalo kila mwenye kuongoza nyumba ya hifadhi hukutana nalo. Mtu huyu sasa ni huru, lakini aende wapi? Kijiji chake kimechomwa moto. Ndugu zake wameuzwa, hawajulikani waliko. Njia ya kurudi imejaa watekaji wale wale. Kukata mnyororo ni kazi ya siku moja. Kumpatia mtu makao ni kazi ya miaka. Ndiyo maana pale Bagamoyo zilijengwa nyumba za watoto wa kiume na za watoto wa kike, karakana za useremala na uhunzi, shule, mashamba na minazi. Watoto walipokua wakaoana, kila ndoa mpya ilipewa nyumba na kipande cha shamba katika kijiji kilichokuwa ndani ya ardhi ya misheni.

Kazi hiyo haikupita katika njia laini. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi mno Unguja na pwani. Mara vikafuata vita kati ya Ufaransa na Prussia, mwaka 1870 na 1871, na misaada iliyokuwa ikitoka kwa waamini wa Ufaransa ikapungua sana. Kisha, mwezi wa Aprili mwaka 1872, tufani kubwa ilipiga Unguja na Bagamoyo, ikabomoa karibu yote yaliyojengwa. Wenye kuongoza nyumba za hifadhi wanaijua hali hiyo: ugonjwa umeingia bwenini, mfadhili ameandika barua ya kuomba radhi, na mvua imeng'oa mabati, yote kwa msimu mmoja. Wamisionari wale walijenga upya. Wengi wao walikufa vijana kwa homa, na makaburi yao yako pale pale misheni, karibu na watu waliowatumikia.

Hata hivyo, ukweli hauturuhusu kuishia hapo. Wahenga walituambia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ni ya hekima, kwa kuwa jembe linamtoa mgeni katika aibu ya kulishwa na kumfanya mwenyeji. Lakini Shebna anatufundisha kuuliza swali jingine: jembe hilo linalima shamba la nani? Katika kijiji kile cha Bagamoyo, kengele ya misheni ndiyo iliyoamua saa ya kuamka, saa ya kazi, saa ya sala na saa ya kulala. Sehemu kubwa ya juma watu walilima mashamba ya misheni. Waliotolewa katika utumwa walijikuta wanaishi chini ya wenye mamlaka mengine; mamlaka ya upole zaidi, ni kweli, na yenye nia njema, lakini walikuwa bado wanaongozwa kama watoto hata walipokwisha kuwa na watoto wao wenyewe. Baadhi yao walinung'unika waziwazi. Wengine waliondoka usiku, wakaenda kutafuta maisha mahali pengine.

Tusiwahukumu mapadre wale kwa haraka, maana walikuwa watu wa wakati wao, na hofu yao haikuwa ya bure: aliyetoka nje ya misheni aliweza kutekwa tena. Lakini tusikubali pia kuwahukumu walioondoka, kana kwamba walikosa shukrani. Mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu haridhiki na paa peke yake. Anataka mlango ambao yeye mwenyewe anaufunga na kuufungua. Mungu aliyewatoa Waisraeli Misri hakuwaweka kambini milele. Aliwapa nchi, akagawa urithi kwa kila kabila na kila ukoo.

Na nyumba ile ile ya Bagamoyo ikatupatia somo jingine. Mwaka 1888, Kampuni ya Kijerumani ilipotaka kutawala pwani, watu walisimama kupinga wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Bagamoyo ikawa uwanja wa vita, nyumba zikaungua. Maelfu ya watu walikimbilia misheni, Wakristo na Waislamu, wenyeji na wapita njia. Hapakuwa na nafasi ya kuuliza mtu dini yake wala faida yake. Wakimbizi walijijengea vibanda chini ya minazi, wakapika chakula chao, wakaishi pamoja na jamaa zao. Padre Étienne Baur na wenzake walifanya kazi ya mshika mlango: walizungumza na Abushiri ili mahali pale pasiguswe, naye hakupagusa. Jambo hilo halikuwa la lazima, kwani mwezi wa Januari mwaka 1889 misheni ya Pugu ilishambuliwa na watu wakauawa. Bagamoyo ilinusurika kwa sababu, baada ya miaka ishirini, majirani walikwisha kuijua kuwa ni nyumba yenye kupokea watu. Imani ya jirani ndiyo ukuta wa nyumba ya hifadhi. Ukuta huo haujengwi siku ya hatari. Hujengwa kidogo kidogo, kwa miaka, kwa kupokea vema.

Basi, wapendwa, tulete habari hizi katika siku zetu. Pwani yetu inabadilika. Viwanja vinapimwa, mashamba ya minazi na ya mikorosho yanauzwa, nyumba kubwa zinapanda kando ya barabara ya Bagamoyo. Wakati huo huo wako watu wasio na pa kulaza ubavu. Watu wenye moyo mwema hawakukosekana. Mwaka 1992, Dar es Salaam, kilianzishwa kituo cha Dogodogo kwa ajili ya watoto wa mitaani, na baadaye kazi yake ikafika Bunju, ambako vijana walifundishwa ufundi ili kila mmoja aweze kujitegemea. Zipo na nyumba nyingine ndogo ndogo, za masista, za parokia, za walei waliojitolea, za ndugu zetu Waislamu pia. Kwa wote wanaoziongoza, na kwa sisi sote tunaopaswa kuwasaidia, neno la Mungu leo lina mashauri manne.

Shauri la kwanza ni kuhusu mlango wa kuingilia. Eliakimu alikuwa na mamlaka ya kufungua na kufunga, na mamlaka hayo yana taratibu. Kila anayeingia aandikwe katika daftari: jina lake, kwao, jamaa zake. Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji ajue. Ikiwa ni mtoto, Afisa Ustawi wa Jamii ashirikishwe mapema, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni na yakaguliwe. Wako wanaoona mambo haya kama usumbufu wa serikali juu ya kazi ya Mungu. Sivyo. Mtoto asiyeandikwa popote anaweza kupotea bila mtu kuuliza, na watu waovu hupenda nyumba zisizokaguliwa. Daftari nalo ni namna ya kupenda: linasema kwamba mtu huyu ana jina, na yupo atakayeulizwa habari zake.

Shauri la pili ni kuhusu fedha na sifa. Kaburi la Shebna lilionekana kutoka mbali. Siku hizi linaweza kuwa picha ya mtoto aliyekonda, iliyobandikwa ukutani au kutumwa ng'ambo ili mfadhili aguswe. Mtoto yule atakua. Atakuwa fundi, mwalimu, mzazi. Je, atapenda kuiona picha hiyo? Tuseme ukweli wa shida bila kuuza uso wa mtu. Na fedha zinazopatikana zisitolewe benki kwa sahihi ya mtu mmoja, hata akiwa mtakatifu kiasi gani. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya kamati, na wanaohifadhiwa wenyewe waelezwe. Kiongozi anayesomewa hesabu zake hadharani hulala usingizi.

Shauri la tatu ni kuhusu mlango wa kutokea. Nyumba ya hifadhi isiyo na mlango wa kutokea hugeuka gereza, hata kama chakula chake ni kizuri. Tangu siku mtu anapopokelewa, kiongozi aanze kuzungumza naye habari za siku atakayoondoka: kama ana jamaa wanaoweza kutafutwa na kupatanishwa naye, kama kuna ufundi anaoweza kujifunza, kama kuna chumba anachoweza kupanga. Fedha inayotokana na kazi ya mikono yake, sehemu yake iwekwe akiba kwa jina lake. Hapo jembe la methali linakuwa baraka. Na mzee ambaye hana tena pa kwenda, atakayefia humo, naye apewe ufunguo wake: kitanda kiitwe chake, sanduku lake lisifunguliwe na mwingine, na aulizwe anataka kula nini, anataka kusali vipi. Ikiwa ni Mwislamu, aitiwe shehe wake. Upendo unaodai malipo ya kubadili dini si upendo wa Kristo.

Shauri la nne limo katika mistari miwili inayofuata baada ya somo letu, ambayo haikusomwa leo kanisani. Eliakimu anafananishwa na msumari uliopigiliwa mahali imara, na watu wa jamaa yake wanatundika kila kitu juu yake, kuanzia vikombe vidogo mpaka mitungi. Kisha nabii anasema kwamba msumari huo utalegea, na mzigo wote utaanguka. Eliakimu alikuwa mtu mwema kuliko Shebna, na bado mzigo ulianguka. Ni mara ngapi nyumba njema imekufa siku alipougua mwanzilishi wake, kwa sababu yeye peke yake alijua wafadhili, alishika hesabu, aliamua nani alale wapi? Padre Horner alifariki Ufaransa mwaka 1880, kazi ikaendelea, maana walikuwapo wengine walioijua. Kiongozi mwema humfundisha wa pili na wa tatu wakati yeye bado ana nguvu. Huyo anaukabidhi ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, hangoji unyang'anywe.

Linabaki swali gumu kuliko yote. Nyumba ina vitanda ishirini, vyote vina watu. Ni saa nne za usiku, mvua inanyesha, na mtu wa ishirini na moja anabisha hodi. Akipokelewa, kesho watakuja wengine watano, chakula hakitatosha, na mkaguzi ataifunga nyumba. Akikataliwa, analala nje. Kiongozi anayesimama mlangoni wakati huo amebeba ufunguo begani kwa maana yake yote. Tufanye nini ili asisimame peke yake?

Wapendwa, hapa lawama haimwangukii kiongozi. Inatuangukia sisi wengine. Tangu miaka ya 1970 Maaskofu wa Afrika Mashariki walitufundisha kwamba Kanisa liishi katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, nyumba kumi au kumi na tano zinazojuana. Kila Jumuiya ikiweka tayari mkeka mmoja, chandarua kimoja na familia moja iliyokubali kuamshwa usiku, iliyojulikana na viongozi wa mtaa, basi kiongozi hatafunga mlango usoni pa mtu. Atamwambia, ngoja kidogo, nyumba ya tatu kutoka hapa wanakungoja. Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walijua kwamba anayepona si mgeni peke yake. Nyumba inayopokea watu hupona uchoyo, hupona upweke, hupona hofu ya jirani. Makatekista, tunawaomba jambo hili mlipeleke katika Jumuiya zenu juma hili hili. Msilifanye mchango wa fedha tu, kwa kuwa fedha ni rahisi kutoa kuliko kufungua mlango.

Tumalizie na Mtume Paulo katika somo la pili. Anauliza ni nani aliyewahi kumpa Mungu kitu kwanza, hata adai kulipwa. Kisha anasema kwamba vyote vinatoka kwake, vipo kwa njia yake na vinarudi kwake. Basi hata nyumba ya hifadhi, pamoja na mabati yake, vitanda vyake na jina lake mlangoni, ni yake. Mwana wake mwenyewe alizaliwa pasipo nafasi katika nyumba ya wageni, akaishi bila mahali pa kulaza kichwa chake. Yeye ndiye mwenye nyumba, na mara nyingi yeye huyo huyo ndiye anayebisha hodi. Sisi tumeshika funguo tu, na siku moja tutaulizwa tulimfungulia nani.

Tuombe. Ee Bwana, uwatie nguvu wote wanaowapokea wasio na makao. Uwaondolee kiu ya sifa, uwape wasaidizi waaminifu na usingizi wa amani. Uwape wale waliomo katika nyumba hizo, kwa wakati wako, mlango ulio wao na ufunguo ulio wao. Nasi sote utufungulie siku ile tutakapobisha kwako. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!